Ufito wa Bernadina

Asubuhi ile shangazi yangu Bernadina alikunywa uji wake, akafunga kilemba, akaenda kazini kama siku zote. Ilikuwa miaka ya Azimio. Shamba la mkonge la ng'ambo ya Kwamndolwa lilishakuwa mali ya umma, naye ndiye fundi mkuu wa korona, ile mashine ya visu inayomenya majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Na wanagenzi wote walipita mikononi mwake. Mwaka ule alikuwa na mmoja tu, Swaumu wa Chanika ya Handeni, binti mwepesi wa kushika kazi na mwepesi zaidi wa ulimi.

"Weka ufito kwenye beringi, ncha nyingine sikioni," Bernadina alimfundisha. "Nzima inaimba. Mbovu inasaga meno."

"Hii inakoroma, mama. Kama mjomba Mhina akishiba makande."

"Funga domo, usikie!"

Sheria yake kwa wanagenzi ilikuwa moja: korona ina kelele, kwa hiyo nikikuita, itika, uje mbio. Swaumu akaizoea. Ukiita tu, "Bee, mama!" huyo kafika.

Jua limepanda, Bernadina akaweka ufito sikioni mwake. Beringi haikuimba.

"Swaumu," ilisema.

Kwa sauti yake yeye, Bernadina.

Mwaka uliotangulia visu vilimla mwanagenzi wake, Mdoe. Maneno ya mwisho ya Mdoe yalikuwa, "Mama, umeniita?" Naye hakuwa amemwita.

Akakimbilia ofisini. "Ndugu meneja, zima mashine. Leo tu. Beringi imemwita mtoto."

"Kwa ndoto zako? Hii mali ya umma, mama, si ngoma ya kambini. Tani za mwezi utazileta wewe?"

Akarudi mbio. Akamshika Swaumu mkono, akamnong'oneza. Wazee walishasema: usimwitikie usiyemwona.

"Leo nikikuita, usiitike. Usigeuke. Usisogee."

"Hata ukiniita wewe?"

"Hasa mimi."

Swaumu hakucheka tena. Akaenda kusimama mahali pake, kando ya mkanda wa mashine.

Ndipo Bernadina akaona mkanda unachanika. Uzi mmoja. Mwingine. Nyuma ya kisogo cha mtoto wa watu.

"Swaumu! Toka hapo!"

Swaumu alisikia. Mabega yalishtuka. Lakini alikuwa mwanafunzi mwema.

Hakugeuka. Hakusogea.

Mkanda ukakatika.

Mashine ikazimwa, naam! Mtu akishakufa ndipo huzimwa. Na mama mzazi wa Swaumu alipofika kutoka Handeni, meneja akamwambia bila haya: uzembe wa marehemu. Uzembe! Binti aliyetii hadi pumzi ya mwisho!

Baada ya mazishi Bernadina akarudi kiwandani. Korona imelala, kimya. Akaegemeza ufito kwenye beringi, akatega sikio.

Mbali sana, kwa adabu, kama aliyechelewa:

"Bee, mama."

Shangazi hakufundisha mtu tena. Korona iliuzwa chuma chakavu zamani. Ufito uko darini kwetu, juu ya jiko la kuni, ambako hata mahindi mabichi hukauka. Ncha ya upande wa sikio ingali mbichi. Ukiigusa, ina joto, kama mtu ametoka kuipumulia sasa hivi.