Neno Alilolisema Shangazi Mbele ya Mchumba Wangu

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Mkono wangu wa kulia umebaki na vidole viwili tu. Watoto ninaowafundisha hapa Kendu Bay wakiniuliza, huwaambia kwamba niliumia shambani. Leo, wasomaji wenzangu, nitawaambieni ninyi yale nisiyoweza kuwaambia watoto wale...

Kwetu ni Uriri. Baba ni mkulima na mzee wa kanisa. Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa msichana wa kwanza wa upande wetu kuingia chuo kikuu. Siku ya kuondoka, wanawake walinisindikiza kwa vigelegele hadi barabarani. Nani angejua ningerudi vipi?

Chuoni nilijiunga na gazeti la wanafunzi. Tulipiga habari zetu kwa taipureta kuukuu, kisha tukazidurufu kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, wino ukitupaka hadi kwenye viwiko. Nilikuwa na furaha! Nilijiona mtu.

Mhariri wetu aliitwa Ogola, kijana wa Homa Bay. Ogola aliposimama kuzungumza juu ya haki, ukumbi mzima ulinyamaza. Nilimpenda kabla hajalijua jina langu. Baadaye naye akanipenda, au ndivyo nilivyodhani. Alikuja Uriri na wazee wake, wakapokewa vizuri, na tangu siku hiyo baba alimwita mwanangu.

Kisha yakatokea mauaji katika soko la Rodi Kopany.

Fundi mmoja wa baiskeli, jina lake Obura, alikuwa amehudhuria mkutano wa mpinzani wa diwani wa pale. Kosa lake lilikuwa hilo tu! Siku ya soko vijana wa diwani walimburuta kutoka kwenye kibanda chake, wakampiga kwa minyororo ya baiskeli hadi akakata roho mchana kweupe. Polisi wakasema aligongwa na lori. Soko zima lilijua ukweli. Soko zima likanyamaza.

Shangazi yangu Sabina, dada ya baba, alikuwa akiuza uji karibu na kibanda kile. Sisi Wajaluo shangazi humwita waya. Waya Sabina alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Onditi, aliyefanya kazi katika kiwanda cha pamba Homa Bay. Damu ya Obura ilikuwa imerukia hadi kwenye sufuria yake ya uji.

Ogola aliposikia kwamba waya aliona, hakulala wala hakunipa nafasi ya kulala. Tulikuwa likizoni. Akaniambia, "Awino, tusipoandika hii, gazeti letu ni la kufungia sukari." Nikakubali twende, tumsikilize tu.

Waya alifunga mlango, akatupa chai. Aliogopa sana. Nilimwambia halazimiki kusema lolote. Lakini Ogola alipiga magoti mbele yake na kuapa kwa kaburi la mama yake kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwake kamwe. Ndipo waya akaeleza yote... nani alishika mikono, nani alipiga kichwa, jinsi Obura alivyomwita mkewe hadi sauti ikakatika. Alilia. Mwisho, kwa uchungu, akasema, "Diwani huyo ni fisi anayekula watoto wake mwenyewe."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, alishtuka, akafunika mdomo. "Hilo msiandike, nyathina," akanisihi. Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita siku zote.

Hatukuliandika. Wala hatukuandika jina lake, wala kazi yake, wala kwamba tulizungumza na mwanamke. Chumbani tulikuwa watatu tu.

Gazeti lilipotoka, chuo kilitikisika! Nakala zilifika Homa Bay kwa mabasi na kwa meli. Watu walizisoma kwa sauti gatini, mmoja akimsomea mwenzake asiyejua kusoma. Diwani aliapa hadharani kwamba atampata aliyesema. Baada ya muda Ogola aliniambia ameitwa na wakubwa Homa Bay kwa mazungumzo. Nilidhani wanataka kumtisha. Nilimwombea, jamani! Nilipiga magoti nikamwombea mtu yule!

Likizo iliyofuata nilikwenda kukaa na waya. Asubuhi moja tulikuwa uani tukipepeta wimbi. Tulisikia wanaume wakiimba barabarani. Kabla hatujajua wimbo ni wa nini, walikuwa wameshavunja lango.

Walikuwa na mapanga na marungu. Waliipiga nyumba mateke, wakavunja vyungu, wakamchinja mbuzi aliyefungwa kambani na kumwacha akirusha miguu. Mmoja akawasha kiberiti na kukitupa juu ya nyasi za paa. Nilipiga kelele nikiita majirani. Niliona vichwa vyao juu ya ua wa minyaa... vikainama, vikapotea.

Waya hakukimbia. Alisimama mbele yangu na ungo mkononi. Mwanaume mrefu mwenye jino la dhahabu alimpiga rungu la bega, akaanguka. Akampiga tena, na tena. Na kila pigo alifoka: "Sema tena! Sema sasa diwani ni fisi anayekula watoto wake!"

Wasomaji, neno lile! Nani aliwapa neno lile?

Nilijitupa juu ya waya. Panga lilishuka, nikalikinga kwa mkono. Sikusikia maumivu. Niliona tu vidole vyangu kwenye wimbi uliomwagika, kama vitu vya mtu mwingine... Nilipozinduka nyumba ilikuwa imeanguka ndani, moshi umejaa uani, na waya Sabina alikuwa amelala macho wazi. Kichwa chake sikukijua tena. Nilimtambua kwa shanga za shingoni.

Nilipelekwa hospitali Homa Bay juu ya machela iliyofungwa kwa kamba. Niliwaambia polisi habari za jino la dhahabu. Mtu huyo alikamatwa, lakini watu wakaapa kwamba siku ile alikuwa matangani Kendu Bay. Akaachiliwa kabla nyuzi za mkono wangu hazijatolewa.

Siku ya tatu Ogola alikuja na machungwa. Alilia kuliko mama yangu! Nikamtazama. Nikamuuliza jambo moja tu: fisi yule walimsikia wapi?

Alianza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Waliniahidi nafasi ya kusoma ng'ambo, Awino. Walisema watamwonya tu. Hata mimi nina maisha."

Sikujua kwamba Onditi, mwana wa waya, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kumzika mama yake, udongo ungali kwenye viatu. Alimshika Ogola kooni, akamgonga kichwa kwenye chuma cha kitanda changu, mara nyingi, huku machungwa yakibiringika sakafuni. Nilipiga yowe, "Onditi, mwache! Watakufunga wewe!" Nilimvuta kwa mkono wangu mzima. Hakunisikia. Wauguzi na walinzi ndio waliowatenganisha.

Ogola alipoteza jicho. Hata hivyo alipanda ndege. Ndiyo, alikwenda ng'ambo, na sijui kama atarudi. Onditi alifungwa miaka saba. Waliomuua mama yake bado wanakunywa pombe Rodi Kopany, na diwani bado anaitwa mheshimiwa.

Gazeti letu lilifungwa. Mimi nilirudi chuoni, nikajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza, nikamaliza. Baba hakunilaumu hata siku moja. Lakini hajawahi tena kumkaribisha kijana yeyote ndani ya nyumba yake.

Mwezi uliopita nilimtembelea Onditi gerezani. Amekonda. Niliogopa kwamba ananichukia, kwa sababu mimi ndiye niliyemwingiza Ogola nyumbani kwao. Nikamwambia hivyo, nikilia. Alinijibu, "Ulimleta mchumba. Muuaji alijileta mwenyewe." Kisha akaniuliza kama nitaandika tena. Sikuweza kumjibu siku ile. Haya mnayoyasoma ndiyo jibu langu.

Wadogo zangu mlio vyuoni, siwaambii msiandike. Andikeni! Lakini mtu wa soko akikufungulia moyo, jua kwamba ameweka shingo yake mikononi mwako. Usimpeleke kwake mtu kwa kuwa anazungumza vizuri ukumbini. Usimpeleke hata kwa kuwa unampenda. Kwanza mtazame anavyofanya anapoahidiwa kitu na wakubwa... na kama bado hujamwona hapo, nenda peke yako.