Mbabula Nje!

Butembo, huku milimani mashariki mwa Kongo, kuna baridi, na asiyeamini aje aoge saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana Séphora, aliyejifungua siku tano zilizopita, alikuwa amefungiwa chumbani. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Chini ya mlango yalisokomezwa matambara. Katikati ya chumba iliwekwa mbabula, jiko la makala. Makala yaliwaka mekundu, bila moshi hata kidogo.

Aliyepanga hayo yote ni mama mkwe wake, Mama Élise, aliyekuja kutoka Alimbongo kumlea mjukuu. Alisema kwamba kwao kila mzazi hulala na makala. Alilisema jambo hilo mara kumi kwa siku. Hakuwa mtu mbaya. Alichota maji, alipika uji, alifua nepi. Lakini kupingana naye ilikuwa kazi. Hata mwanawe Abdias, mume wa Séphora, mwendesha pikipiki anayebishana na polisi bila kupepesa macho, mbele ya mama yake alinywea.

Shida ya Séphora ilikuwa kichwa. Kilimuuma tangu siku ya pili.

"Mama, kichwa inaniuma sana," alisema. "Na minasikia kizunguzungu."

"Ni baridi ilikuingia," alijibu Mama Élise. "Ama ni malaria. Ngoja niongeze makala."

Aliongeza. Kichwa kikazidi.

Sasa, Séphora si mtu wa kumeza kila anachopewa. Aliuza samaki wa Kyavinyonge sokoni miaka minne, na mwuza samaki huangalia kwanza, ndipo anaamini. Basi aliangalia. Akitoka kwenda chooni na kukaa uani kidogo, kichwa kinapoa. Akirudi chumbani, saa moja haipiti, kichwa kinaanza tena. Malaria gani hiyo, alijiuliza, inayobaki chumbani mtu akienda chooni?

Asubuhi ile ya siku ya tano alimwinua binti yake, Masika, ili amnyonyeshe. Mtoto hakushika titi. Mikono yake ililegea. Séphora alimwita, akamgusa shavu, akamkuna nyayo. Mtoto alifungua macho kidogo, akayafumba tena. Séphora aliogopa mno, kisha akakasirika. Alisimama, akayapiga teke yale matambara ya mlangoni.

"Unaenda wapi na mutoto?" Mama Élise alimzibia njia. "Inje kuko baridi!"

"Minatoka, mama."

"Hapana! Mutoto wa siku tano! Baridi itamuua!"

"Basi baridi ituue shiye wawili. Lakini humu ndani hatubaki!"

Hakuwahi kumjibu mama mkwe hivyo kabla. Hakuomba radhi. Alimsukuma kwa bega, akatoka uani, mtoto akiwa kifuani ndani ya kitenge.

Jirani yao Ananie alikuwa akipanga matofali. Ananie ni mwashi, lakini pia ni relais, yaani mtu wa mtaa aliyefundishwa kusaidia kituo cha afya. Alimwona Séphora anavyopepesuka, akachungulia chumbani, akaiona mbabula. Alirudi mbio kwa Abdias, aliyekuwa uani na pikipiki yake.

"Abdias! Washa pikipiki! Bapeleke kituo cha afya sasa hivi. Na mutoto, musimufunike uso. Apate hewa!"

Kituoni, muuguzi Jemima alimwekea Masika oksijeni kwa mpira mdogo puani. Séphora naye alipewa. Walisubiri. Abdias alizunguka uani kama aliyepoteza ufunguo. Kabla ya adhuhuri mtoto alitoa kilio kikali, akatafuta titi, akalishika. Séphora alilia kwa furaha, bila kujificha.

Mama Élise, aliyefika kwa miguu pamoja na Ananie, alikaa kwenye benchi, mikono kifuani.

"Ile makala ilikuwa safi," alisema. "Hata moshi haikuwa nayo."

"Njo maana inatudanganya, mama," alijibu Ananie. "Makala inatoa gazi, hewa ya sumu. Hauione, hauisikie harufu. Unaivuta tu. Abdias, weye utanielewa haraka. Kwenye parkingi ya pikipiki, inakuwa namna gani?"

"Bantu banangoja. Pikipiki inakuja, inapakia, inaenda."

"Bon. Mapafu njo parkingi. Tukivuta hewa, inafika pale. Damu inapita pale pale. Ndani ya damu muko vitu vidogo sana, vyekundu. Zile njo pikipiki. Zinapakia oksijeni, ile hewa yenye mwili unahitaji."

"Na moyo?" aliuliza Séphora.

"Moyo njo unasukuma. Damu inatoka kwenye mapafu, inaingia kwenye moyo. Moyo unaisukuma mwili muzima, kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Kule inashusha oksijeni, inachukua hewa chafu, inarudi kwenye moyo. Moyo unaisukuma tena kwenye mapafu, na ile chafu tunaitoa kwa pumzi. Kila dakika, bila kupumzika."

"Na gazi ya makala?" Abdias alisogea karibu.

"Ile ni abiria mubaya. Inapanda mbele ya oksijeni, na inakatala kushuka! Pikipiki zinazunguka, moyo unasukuma kwa nguvu, lakini oksijeni hapana fika kwenye kichwa. Kichwa inauma. Miguu inalegea. Mutu analala. Akibaki mule ndani, anaweza asiamuke tena. Na mutoto mudogo anapumua mbio kupita mukubwa. Njo maana ile gazi inamupata haraka."

Abdias alikuna shingo. "Abiria wa namna ile namujua," alisema, na hata Jemima alicheka.

Mama Élise hakucheka. "Na baridi?" aliuliza kwa ukali. "Mutoto abakie kwenye baridi?"

"Hapana, mama," Jemima alisema. "Muko na haki kuogopa baridi. Mutoto akae kwenye kifua ya mama yake, ngozi kwa ngozi. Kofia kwenye kichwa, soksi kwenye miguu, blanketi juu yao wawili, uso wake wazi. Joto ya mama inatosha. Mbabula ibaki inje, hata kama dirisha iko wazi. Na mutu akisikia kichwa inauma karibu na makala, atoke kwanza, aje hapa."

Tangu siku ile mbabula ilikaa uani. Asubuhi Séphora alifungua dirisha mwenyewe. Shangazi mmoja wa Abdias alikuja kumwambia kwamba chumba cha mzazi hakifunguliwi.

"Hiki kinafunguliwa," Séphora alijibu, akaendelea kunyonyesha. Kichwa hakikumuuma tena. Masika aliota mashavu.

Mama Élise hakusema kitu. Alifua, alipika, alinyamaza. Ukimya wake ulimtia Séphora wasiwasi kuliko maneno yake.

Wiki ya tatu, jirani Falonne alijifungua. Mama Élise alimpelekea uji. Muda si mrefu, kelele zilisikika huko. Séphora alimfunga mtoto mgongoni, akaenda haraka.

Alimkuta Mama Élise akitoka chumbani kwa Falonne, mbabula yenye moto mikononi, wanawake wa nyumba ile wakimfuata.

"Rudisha, mama! Unataka baridi iue mutoto wetu?"

Mama Élise alimwaga makala uani, akayamwagia maji. Kisha akageuka.

"Mutoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na siku sita," alisema. "Dirisha ilikuwa imefungwa. Makala ilikuwa inawaka muzuri. Miye mwenyewe niliiwasha. Miaka makumi tatu na tano ninasema ni baridi ilimuua. Sasa sijui tena."

Akaenda, akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha Falonne, akanyoosha miguu na kuuziba mlango wote.

"Mwenye anataka kuingiza mbabula humu," alisema, "anikanyage kwanza."

Wanawake walitazamana. Ndani, Falonne aliinuka kitandani polepole, akafungua dirisha.