Matusi ya Msibani Yaliyomnyang'anya Biubwa Mtoto

"Kaka Ausi, waambie! Mwanangu anachukuliwa!"

Askari alikuwa ameshambeba Dija, mtoto wa miaka minne, anampakia garini. Biubwa, mjane aliye edani, kaanguka mchangani analia.

Ausi akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani...

Wasomaji, hii ni Mkange, mwaka 1953.

Bi Hilda, Mzungu, alikuwa na kazi mbili. Alichunguza mila apate shahada yake Ulaya, na serikali ikamtumia kuangalia hali za wajane na yatima. Daftari la kazi zote mbili lilikuwa moja!

Siku alipozikwa mume wa Biubwa, mtani wa marehemu aitwaye Kitwana aliingia kwa makelele:

"Umemlisha nini mwenzetu, mchawi wee? Kesho utammaliza na huyu mtoto!"

"Kula na wewe wali wangu, umfuate!" Biubwa akamjibu.

Watu wakacheka, hata Biubwa mwenyewe na machozi yake. Mtani msibani kazi yake ndiyo hiyo, kuwapunguzia wafiwa machungu.

"Wamesema nini?" Bi Hilda akauliza.

Ausi akatafsiri neno kwa neno. Akataka na kumweleza...

"Tafsiri tu. Maoni yako sijakuuliza."

Akanyamaza. Yule akaandika.

Serikali ikalisoma daftari, ndiyo lile gari likaja!

Siku ya tatu Ausi alikuwa ofisini kwa Bi Hilda, Bagamoyo.

"Bibi, ule ulikuwa utani. Mrudishe mtoto."

Bi Hilda akawa mwekundu. Alielewa.

"Nikikiri nimekosea, nani ataamini mengine niliyoandika? Miaka mitatu ya kazi, Ausi!"

"Na mtoto?"

Bi Hilda akalifunga daftari.

"Kosa likiwa la mkalimani," akasema taratibu, "mtoto anarudi."

Jamani!

Ausi akasimama mbele ya hakimu.

"Nilitafsiri uongo. Kwa makusudi."

Miezi sita jela! Dija akarudi kwa mamake. Bi Hilda akapata ile shahada yake, na sura iliyosifiwa kuliko zote kitabuni mwake ilikuwa ya utani.

Alipofunguliwa, Ausi alikwenda moja kwa moja kwa Biubwa.

"Hodi hapa."

Biubwa akamvuta Dija nyuma ya kanga yake.

"Ulitaka kuninyang'anya mwanangu kwa uongo wako, nilikukosea nini? Toka!"

"Biubwa, mimi..."

Akaishia hapo. Angesema kwamba alitafsiri sawa, habari ingefika serikalini, kesi ingefunguliwa upya, na mtoto angechukuliwa tena.

Akageuka, akaenda zake. Mpaka Ausi anakufa, Biubwa hakuitikia salamu yake.

Ndugu zangu, unapojua maana ya jambo, iseme palepale, hata ukifokewa. Ausi alinyamaza mara moja tu kwa kumwogopa mwajiri. Maisha yake yote yaliyobaki alinyamaza kwa ajili ya mtoto.