Ng'ombe wa Roba Hawahesabiwi

Haya aliniambia Mbeyu mwenyewe, Jumapili iliyopita, tukipepeta mpunga.

"Una ng'ombe wangapi, mwanangu?"

Shangazi Mwanahamisi aliuliza hivyo walipofika tu kwenye magofu ya msikiti wa kale, upande wa Kipini. Roba, kijana wa Kiorma, askari wa hifadhi, alikuwa amewatembeza yeye na Mbeyu tangu asubuhi. Lakini matembezi yale yalikuwa na lake jambo: Roba kamposa Mbeyu, na baba mtu kasema jibu litatoka kwa shangazi.

"Wapo, mama."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu."

Mbeyu akamkata jicho. Sema hata kumi, wewe!

"Asubuhi nyamera wa porini umewahesabu mpaka watoto, ukaandika daftarini. Wako huwajui?"

"Wale ni wa kazi, mama."

Shangazi akamvuta Mbeyu nyuma ya ukuta.

"Huyu anaficha. Anayeficha ng'ombe ataficha na mke mwingine huko kwao Hola. Twende zetu!"

Meseji ya baba ikaingia kwenye simu ya Mbeyu: "Wazee wa Roba washafika. Niwajibu nini?"

Mbeyu akamrudia Roba.

"Nikukose hivi hivi, kwa hesabu?"

"Kwetu mifugo haitajwi hesabu, Mbeyu. Ukitaja unaita balaa. Hata baba hajawahi kunitajia."

"Basi usihesabu. Nitajie mmoja mmoja."

Roba akaketi ukingoni mwa kisima kikavu. Akaanza na mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mkorofi huyo. Mweupe aliyezaliwa wakati wa mafuriko. Mama yake huyo mweupe. Dada yake, asiyekubali kukamuliwa na mgeni. Akawataja kama mtu anayetaja jamaa zake, na Mbeyu akamtazama tu. Shangazi naye kule ukutani, midomo inacheza, vidole vinakunjika.

"Basi, baba, basi! Vidole vimekwisha!"

Roba akashtuka. "Mama, umewahesabu?"

"Mimi? Nilikuwa nahesabu nyufa za ukuta." Akampokonya Mbeyu simu. "Kaka? Wape wazee chai. Tumekubali."

Usiku shangazi alikoroma mapema. Meseji ya Roba ikaingia:

"Nimemsahau mmoja. Ndama mweusi. Ni wako, mpe jina."

"Ana kelele?"

"Hanyamazi."

"Mwite Shangazi."

Mbeyu akajifunika leso mpaka puani asimwamshe mtu kwa kicheko, akacheka, akacheka, mpaka usingizi ukamchukua.