Fainali Haisogezwi

Walikutana kwenye foleni ya mbavu za kuchoma, nje ya uwanja, watu wamejaa kama siafu na moshi unawatoa machozi. Keturah Lyles alivaa sweta ya bluu ya timu ya Dubu, jinzi iliyomkaa sawasawa na hereni kubwa za dhahabu. Nyuma yake alisimama Dontrell Pickens, jamaa mrefu mwenye kofia nyekundu ya Mwewe, mahasimu wa Dubu tangu enzi za babu zetu.

"Dada, umepotea," Dontrell akamchokoza. "Foleni ya waliofungwa iko kule."

"Na wewe kaka umepotea. Kanisa la kuiombea timu yako liko mtaa wa pili."

Dontrell alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akamnunulia mbavu, akaomba namba. Mwaka wa pili akamvisha pete.

Sasa sikiliza. Hapa Birmingham hatuoani Jumamosi ya msimu wa mpira wa vyuo, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi. Ukithubutu, mchungaji mwenyewe atakuja na redio sikioni. Hata marehemu wetu wanasubiri Jumatatu. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, Mwewe walipokuwa wamepigwa mara mbili na kila mtu keshawazika, Dontrell alimshika mchumba wake mkono akatamka jambo zito.

"Timu yangu imekufa, mpenzi. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, siku ya fainali ya ligi yetu, nakupa wewe. Tuoane siku hiyo."

Keturah alilia kwa furaha. Mama yake alipiga vigelegele. "Mwanangu, mwanaume akikupa Jumamosi ya fainali, huyo kakupa figo!"

Kadi zikatumwa, gauni likashonwa.

Halafu ikaja ile wikendi ya Novemba. Loo! Vigogo watatu waliokuwa juu ya Mwewe walianguka siku moja, mmoja wao Dubu wa Keturah, waliofungwa kwa pointi moja mpira ukielekea kwisha. Keturah alijifunika mto usoni. Dontrell alikuwa juu ya kochi anaruka.

"Ketu! Tumefufuka! Tunaenda fainali, Atlanta! Tukishinda, kamati ya kuteua timu itatuacha vipi? Lazima tuingie kwenye mchujo wa taifa, wa timu kumi na mbili bora!"

Keturah akautoa mto. "Fainali ni lini, Dontrell?"

Dontrell akashuka kwenye kochi taratibu. "Tutaona, mpenzi."

"Tutaona nini?"

"Tutaona tu."

Jumapili nzima Dontrell alishinda akitazama marudio ya mechi. Jumatatu Keturah alitoka kazini, kliniki ya meno, akiwa bado na sare yake ya kijani, akanasa kwenye foleni ya magari. Redio ilikuwa kwenye kipindi cha mtangazaji Mzee Buford, ambaye mji mzima humpigia simu kutukanana kistaarabu. Siku hiyo ugomvi ulikuwa mmoja tu: kamati iwachukue akina nani katika zile timu kumi na mbili za mchujo?

"Mwewe wamemfunga nani?" jamaa mmoja alifoka. "Ratiba yao laini kama uji wa mgonjwa! Na huyo Pickens anayejigamba, muulizeni fainali ataiona wapi. Siku hiyo anaoa!"

Mzee Buford akacheka. "Pickens yuko laini ya pili. Kijana, ni kweli?"

Keturah akaongeza sauti ya redio.

"Ni kweli, mzee," sauti ya Dontrell ikajibu. "Lakini harusi inasogezwa. Fainali haisogezwi."

"Bibi harusi anasemaje?"

"Ah, yule mwelewa. Tutamtafutia Jumamosi nyingine."

Keturah aliingiza gari pembeni, akapiga simu. Mzee Buford alipoambiwa nani anapiga, alimpokea haraka. Umbea anaupenda kuliko mpira.

"Karibu, uko hewani. Nani mwenzetu?"

"Keturah. Ndimi huyo mwelewa."

"Ketu?" Dontrell akadakia kutoka laini ya pili. "Mpenzi, nilikuwa natania."

"Wewe hutanii kuhusu mpira. Hujawahi."

"Nilitaka kukwambia leo jioni."

"Umeuambia mji mzima mchana. Dontrell, uliponipa ile siku nilijisifu kazini mpaka wakanichoka. Kumbe ulinipa siku ambayo hukuwa na kazi nayo. Ulipoihitaji, umeninyang'anya hata kabla ya kunipigia simu mimi."

Mzee Buford akajaribu kuokoa jahazi. "Bibie, kabla hujaondoka, Dubu wanastahili mchujo?"

"Wanastahili! Wamefungwa kwa pointi moja, tena ugenini," Keturah alisema. "Mwewe hawastahili kitu." Akakata.

Jioni Dontrell alifika na maua, macho mekundu. "Basi siendi Atlanta! Tuoane siku ile ile."

"Ukae madhabahuni unaniapia huku unawaza matokeo? Sitaki mume wa hivyo." Akampa pete yake mkononi. Ilimuuma, nisikudanganye. Alimpenda yule mtu kwa moyo wote, na mlango alioufunga aliuegemea hadi gari lilipoondoka.

Ikafika Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Gauni lilikuwa kabatini. Keturah alikaa na mama yake jikoni, kwenye televisheni ndogo, akiangalia fainali. Ndivyo tulivyo, hata wenye majonzi. Mwewe walishinda dakika ya mwisho, na simu ikaita papo hapo.

"Ketu! Umeona ile mbio ya mwisho?"

"Nimeiona."

"Alipovuka mstari niligeuka nikukumbatie. Nikamkumbatia mzee nisiyemjua." Uwanja ulikuwa unanguruma nyuma yake, lakini yeye alikuwa analia. "Nimeshinda halafu sina wa kumwambia. Sikujua itakuwa hivi."

Keturah akafumba macho. Neno moja tu lingetosha kumrudisha: kwamba yuko tayari kumpa hata siku ya mpira anayoitaka mwenyewe. Alilisubiri.

"Nisamehe, mpenzi. Sikia, nimefikiria. Mwezi wa nne hakuna mpira kabisa. Tuoane mwezi wa nne!"

Keturah alicheka, kicheko kisicho na utamu hata chembe.

"Unaona, Dontrell? Bado unanipa zile siku usizozihitaji. Hongera kwa ushindi."

Akaizima simu, akaiweka kifudifudi mezani.

"Nani huyo?" mama yake akauliza, ingawa alijua.

"Shabiki wa Mwewe," Keturah akasema. Kisha akaenda kufungua bomba la sinki, lipige kelele, mama asimsikie akilia.