Joto Lililopotea

Lori jeupe lilikata kona kwa fujo. Jasusi Kunguru akafungua mafuta, pikipiki ikanguruma.

"Umemwona?" Sauti ya mkuu ilikwaruza kwenye spika ya sikioni.

"Niko mgongoni kwake."

"Usimpige risasi. Namtaka bosi wake, na namtaka akiongea."

"Ataongea."

Lori lilibeba vidonge vya kuzuia homoni, vile ambavyo wagonjwa wa saratani ya matiti humeza kila siku kwa miaka ili uvimbe ukose chakula. Maboksi yalikuwa halisi.

Vidonge vilikuwa chaki.

Aliyefichua njama hakuwa jasusi. Alikuwa dada yake Kunguru, na mwenyewe hakujua.

Dawa ile, ilipokuwa bado halisi, ilikuwa ikimwasha moto mwili mzima. Alijipepea kwa kifuniko cha sufuria huku akilaani. Kisha siku moja, jikoni, akapiga vigelegele.

"Mdogo wangu, joto limeniacha! Sasa najifunika blanketi kama mzazi wa juzi!"

Kunguru alicheka naye. Kisha akaiba kidonge kimoja, akakipeleka maabara.

Lori likazama ghalani. Geti la chuma likaanza kushuka.

Kunguru akailaza pikipiki, akateleza chini ya geti na kuinuka na bastola mkononi. Dereva akalala kifudifudi bila kuambiwa.

Nyuma ya maboksi alisimama mfamasia wa kliniki. Yule yule aliyempa dada dawa kila mwezi na kumuuliza kuhusu watoto.

"Mama, tulia, tuzungumze," alisema. "Ni mzigo wangu, sawa. Lakini chaki haijaua mtu."

"Kweli. Inawashikia tu mlango wanaoua."

Kifungo cha koti la Kunguru kilikuwa kamera. Kilikuwa kimemeza kila neno.

Vijana wa mkuu wakavunja mlango wa nyuma. Pingu zikalia.

"Kazi safi," mkuu alisema. "Njoo ofisini."

"Napita nyumbani kwanza."

Simu ikaita. Dada.

"Pitia mkate, wewe mtoro. Mimi mzima, ila huu mgongo! Utadhani nimebeba gunia."

"Nakuja, dada."

Picha za mifupa ya dada zilikuwa mkobani. Daktari alikuwa amempa Kunguru asubuhi. Ugonjwa ulikuwa umerudi, umeshika uti wa mgongo.

Kunguru akavaa miwani ya jua, akainua pikipiki.

Akaondoka taratibu. Hata baiskeli zilimpita.