Ng'ombe wa Chiriku

Kila Ijumaa, masomo yakiisha, wanafunzi wa klabu ya kompyuta hunawa mikono bombani, huvua viatu mlangoni, kisha huingia chumbani. Ijumaa moja Chiriku, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa wingi wa maneno, aliwahi kiti cha mbele. Rafiki yake Kijiti akaketi ubavuni.

Siku hiyo wazazi wangekuja kuona miradi ya kwanza ya watoto wao. Tangu juzi Chiriku alikuwa akimwimbia mama yake wimbo uleule: "Natengeneza chemshabongo ya wanyama, mama. Wa kwanza ni ng'ombe!"

"Fungueni mradi mpya," mwalimu alisema. "Upeni jina, chagueni mahali pa kuuhifadhi, kisha fungueni faili ndani yake. Maneno yatakayoonekana yafungeni kwa alama za kunukuu. Maandishi mekundu yakitokea, msipapatike. Yasomeni."

Chiriku akaandika 'Ng'ombe hulia vipi?' akabonyeza kitufe cha kijani cha kuendesha. Skrini ikajaa wekundu. Hakusoma hata neno. Alifuta mradi mzima, akaanza upya. Wekundu tena!

"Kompyuta hii ina kisirani!"

"Kisirani unacho wewe," Kijiti akacheka. Mradi wake ulikuwa ukiuliza mbuzi hulia vipi, bila taabu. "Wazazi hao wanaingia. Nakili wangu, badilisha jina tu. Nani atajua?"

Moyo wa Chiriku ulisita, mkono haukusita: akanakili.

Mama yake Chiriku akaingia akihema kwa kupanda ngazi. "Haya, mwanangu, yuko wapi huyo ng'ombe?"

"Ni... ni mbuzi, mama."

"Mbuzi? Ng'ombe umemuuza?"

Watu wakacheka. Chiriku angeweza kusema amebadili mawazo, lakini mama alikuwa akimtazama kwa fahari, na fahari ile ilimchoma.

"Si wangu, mama. Ni wa Kijiti. Wangu umekataa."

Tabasamu la mama likafifia. Mwalimu akasogea. "Umekataa kwa nini? Maandishi mekundu yalisemaje?"

"Sikuyasoma."

"Basi yasome sasa."

Chiriku akaufungua mradi wake, akainama pua ikikaribia kioo. Maandishi yalitaja mstari wa kwanza, na kimshale kimesimama chini ya neno ng'ombe.

"Mwalimu! Ni hii ritifaa ya ng'! Inafanana na alama niliyofungulia!"

"Ndiyo hiyo. Kompyuta imedhani sentensi imeishia hapo kwenye Ng. Fungua na ufunge kwa zile alama za kunukuu zenye vistari viwili."

Akabadilisha, akabonyeza. Skrini ikauliza: Ng'ombe hulia vipi?

"Mooo!" mama akajibu, chumba kizima kikaangua kicheko, na Chiriku akaruka kwa furaha.

Kisha mama akawavuta Chiriku na Kijiti karibu. "Nimefurahi, wanangu, lakini pia nimeogopa. Leo ni ng'ombe wa kwenye skrini. Kesho mtakuwa wauguzi, mtakuwa mafundi wa umeme. Mkizoea kufunika kosa kwa kazi ya mwenzenu, ataumia mtu. Na wewe Kijiti, rafiki humwonyesha mwenzake njia, hamkopeshi uongo. Nguo ya kuazima haisitiri mwili."

"Tumekosa, mama," Kijiti akasema, macho chini.

"Basi kazi ikikataa, semeni imekataa. Anayeficha kosa hapati wa kumsaidia kulitafuta."